Uzi: Spica, nyota pacha inayopita juu ya utosi wa Lubumbashi

Mwana_Katuba aliandika:

Wana Lubumbashi, mwanzoni mwa mwezi wa sita, ikikaribia saa tatu ya usiku, tokeni nje muinue uso mpaka shingo ikatae. Nyota nyeupe yenye ubuluu iliyosimama juu kabisa ya utosi inaitwa Spica, ya kundi la Mashuke. Kila mahali duniani pana nyota zake za utosini, na latitudo ndiyo inayoamua ni zipi. Sisi tuko nyuzi 11 na dakika 40 kusini ya ikweta (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja). Spica kwa sasa iko nyuzi 11 na dakika kama 18 kusini ya ikweta ya mbingu, yaani ikweta yetu ikinyooshwa mpaka angani. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa mwezi mpevu. Kule Paris, Spica ikijitahidi sana inafika nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, imejaa moshi na taa za mji. Kwetu inapita pale ambapo hewa ni nyembamba kuliko kwingine kote, kwa hiyo haipepesipepesi ovyo.

Mwenye wasiwasi asije akachukua nyota nyingine, afanye hivi. Upande wa kaskazini kuna nyota ya rangi ya machungwa, Arcturus. Upande wa kusini kuna mbili angavu kando ya Msalaba wa Kusini, Alfa na Beta Centauri. Spica iko katikati ya pande hizo, juu. Magharibi yake kuna nyota nne za kundi la Kunguru, hazing'ai sana lakini umbo lao halipotei. Msingoje mwezi wa nane. Wakati huo jioni itakuwa imeshainama magharibi, na moshi wa mapori yanayoungua unaharibu kila kitu.

Sasa kilichonileta. Hiyo nukta moja mnayoiona ni nyota mbili. Kubwa ina masi zaidi kidogo ya mara 11 ya Jua letu, na nusu kipenyo mara 7 na nusu ya Jua. Ndogo, ambayo kwa kweli si ndogo hata kidogo, ina masi mara 7 ya Jua na nusu kipenyo karibu mara 4. Uso wa kubwa una joto la kelvini kama 25,000, wa ndogo kama 21,000. Jua ni 5,800. Kubwa peke yake inatoa nishati mara 20,000 hivi ya Jua, na sehemu kubwa ya nishati hiyo ni urujuanimno ambao jicho halioni. Tunachokiona sisi ni mabaki tu.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni ukaribu wao. Kutoka kitovu hadi kitovu ni kilomita milioni 20 hivi. Zebaki, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, iko wastani wa kilomita milioni 58. Toa miili yenyewe ya hizo nyota, kati ya uso na uso inabaki kama kilomita milioni 12, yaani nafasi inayozidi kidogo tu kipenyo cha ile kubwa. Na katika ufinyu huo zinazungukana kwa siku 4 na dakika kama 21. Ukiiangalia Jumatatu usiku, Ijumaa usiku zimekwisha kurudi palepale.

Maswali yaje.

Papa_Kamalondo aliandika:

Yambo bana. Weye mutoto wa Katuba, mwenyewe unasema jicho inaona moja tu. Sasa banajuaje kama iko mbili? Banaendaka kule?

Mwana_Katuba aliandika:

Papa, umeuliza penyewe. Hakuna aliyekwenda, na hata darubini kubwa za kawaida zinaonyesha nukta moja.

Ukipitisha mwanga wa nyota kwenye prizimu, kile kipande cha kioo cha pembetatu, unatandazika rangi kwa rangi, na ndani ya rangi hizo mnakuwa na mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, na kila mstari una mahali pake panapojulikana. Nyota ikisogea upande wetu, mistari yote inahama kidogo kuelekea buluu. Ikienda mbali, inahama kuelekea nyekundu. Mwaka 1890, Mjerumani Hermann Carl Vogel, akiwa Potsdam, alipiga picha za mistari ya Spica usiku baada ya usiku. Akakuta inahama huku, inarudi, inahama kule, na safari nzima inachukua siku nne.

Nyota isiyo na mwenzake haina sababu ya kwenda na kurudi hivyo. Lazima kuna kitu kizito kinachoivuta, na kwa kuwa safari ni fupi, kitu hicho kiko karibu sana. Baadaye mistari hafifu ya ile ndogo nayo ilipatikana, ikihama kinyume na ya kubwa. Mwendo wao unazidi kilomita 100 kwa sekunde. Ukishajua mwendo na muda, masi unaipata kwa hesabu za Newton, ingawa inabidi pia ujue ule mzunguko umelala kwa pembe gani mbele yetu. Hilo la pembe ndilo liliwachelewesha sana.

Huo mwaka 1890, Papa, mfalme Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, huku kwetu Katanga.

Papa_Kamalondo aliandika:

Eee. Hapo sawa. Endelea.

Himbi_Goma aliandika:

Salamu kutoka Goma. Huku Spica haipiti utosini, inakuwa imeinamia kusini kidogo, nyuzi kama kumi, lakini tunaiona muzuri mawingu yakituachia. Swali langu ni la rangi. Sisi watu wa volkano ya Nyiragongo tunajua moto ni mwekundu. Usiku ule wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mbingu yote ilikuwa nyekundu, watu wakakimbia, wengine Sake, wengine Rwanda. Leo unaniambia nyota yenye rangi ya baridi njo yenye joto kali kuliko Jua?

Dada_wa_Ruashi aliandika:

Kaka wa Goma, poleni kwa yale. Nafundisha kemia, acha nijibu hili kabla Mwana_Katuba hajaandika ukurasa mzima.

Wekundu ni mwanzo wa moto. Lava ya Nyiragongo iko karibu na nyuzi 1,100 au 1,200 za Selsiasi, na kwa joto hilo kitu kinatoa mwanga mwekundu na wa machungwa. Shaba yetu huku inayeyuka kwa 1,085, ndiyo maana ikimiminwa ina rangi hiyohiyo ya lava. Pandisha joto mpaka elfu tatu, inageuka manjano. Fika elfu sita kama Jua, ni nyeupe. Pita elfu kumi, ubuluu unaanza kushinda rangi nyingine. Kwa hiyo angani panga hivi: Arcturus ya machungwa ina kelvini 4,300 hivi, Jua 5,800, Spica 25,000. Ile ya buluu ndiyo ya kuogopwa.

Mwanafunzi_Kampemba aliandika:

Mwalimu aksanti. Mimi swali langu, kwa nini kichwa cha habari huko nje wanaiita nyota changa? Nimesoma umri wake ni miaka milioni 12 na nusu. Milioni kumi na mbili ni uchanga?

Mwana_Katuba aliandika:

Ndiyo, mdogo wangu, ni mtoto. Jua lina miaka milioni 4,600. Wakati Spica inawaka mara ya kwanza, dinosaria walikuwa wamekwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 50 kabla. Kama dinosaria hao wangeinua macho, mahali pale wasingekuta kitu.

Ila uchanga wake haumaanishi ana maisha marefu mbele. Hapa lazima nitumie mbabula, jiko letu la makaa. Mtu ana gunia moja la makala (makaa) na mbabula ndogo, anapika mwezi. Mwingine ana magunia 11 lakini mbabula yake inakula makala mara 20,000 kwa saa. Nani atalala njaa kwanza? Masi kubwa inakandamiza kiini, kiini kinapanda joto, na hidrojeni inageuka heliamu kwa njia ya haraka inayotumia kaboni, nitrojeni na oksijeni kama wasaidizi. Joto la kiini likiongezeka kidogo tu, uchomaji unaongezeka mno. Ile kubwa ya Spica imekwisha kutumia sehemu kubwa ya hidrojeni ya kiini chake na imeanza kuvimba. Ya pili, yenye masi mara 7, bado imetulia. Zimezaliwa siku moja, kwa lugha ya nyota, lakini moja imeshazeeka mbele ya pacha wake.

Fundi_Kadutu aliandika:

Bukavu hapa. Nimefuata uzi huu toka juu. Mimi fundi wa redio, namba bila kipimo hazinishibishi. Mulipimaje upana wa nyota ambayo hata darubini inaiona nukta?

Mwana_Katuba aliandika:

Fundi, hili lako ndilo nililokuwa nalingoja, na utalipenda kwa sababu aliyelifanya alitokea kwenye mambo ya redio na rada.

Robert Hanbury Brown, Mwingereza, alijenga kifaa huko Narrabri, Australia, miaka ya 1960. Vioo viwili vikubwa, kila kimoja kipenyo mita 6 na nusu, vimepandishwa juu ya reli ya duara yenye kipenyo cha mita 188. Vioo vyenyewe havikuwa na ubora wa darubini. Vilikuwa ndoo za kukusanya mwanga tu. Kila kioo kilipeleka mwanga kwenye kifaa cha kugeuza mwanga kuwa umeme, na mikondo miwili ya umeme ikaletwa kwa waya mpaka kwenye chumba cha katikati, ikalinganishwa: je, kupanda na kushuka kwake kunaendana? Vioo vikiwa karibu, vinaendana. Ukivitenganisha kwenye reli, kuendana kunapungua, na kasi ya kupungua inakupa upana wa nyota angani. Yaani fundi wa redio angeelewa michoro yake kabla ya mnajimu.

Wanafizikia wengi walimpinga mwanzoni, wakisema haiwezekani fotoni, chembe za mwanga, zikaendana hivyo. Kifaa kikapima nyota 32, na Spica ilikuwa mojawapo. Matokeo yake yalitoka 1971. Kwa kuwa ni pacha, walipata zaidi ya upana: waliunganisha vipimo vya vioo na vile vya mistari, wakapata pembe ya mzunguko niliyomwambia Papa, masi, na umbali wake kutoka kwetu. Baadaye setilaiti ya Hipparcos nayo ikapima umbali kwa njia nyingine kabisa. Leo tunasema miaka ya nuru 250 hivi.

Pembe hiyo ni kama nyuzi 63, kwa hiyo nyota hizi hazifunikani. Moja inapita mbele ya nyingine kwa pembeni, inakosa kidogo tu.

Fundi_Kadutu aliandika:

Ndoo za mwanga! Hapo umenipata. Na kama hazifunikani, basi mwanga wake haubadiliki?

Mwana_Katuba aliandika:

Unabadilika, tena kwa sababu mbili, na ya pili ni ya ajabu.

Ya kwanza ni umbo. Zikiwa karibu hivyo, uvutano wa moja unaivuta nyingine mpaka inarefuka kuelekea kwa mwenzake. Hazina mviringo kamili. Zikituelekezea ubavu tunaona eneo kubwa, zikituelekezea ncha tunaona dogo, na hili linatokea mara mbili kwa kila mzunguko. Mabadiliko ni asilimia chache tu, jicho halikamati. Zaidi ya hapo, ile kubwa inajizungusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa sekunde pale kwenye ikweta yake. Jua linajizungusha kwa 2 tu.

Ya pili: mwishoni mwa miaka ya 1960 waligundua ile kubwa inapumua, inavimba na kunywea kila saa 4 na dakika kama 10. Kuna jamii nzima ya nyota za buluu zenye tabia hiyo. Wakaifuatilia, na miaka ya 1970 ilipoanza, wakaona kupumua kunafifia mwaka hadi mwaka mpaka ikawa shida kupima kupumua huko. Nyota ya masi mara 11 ya Jua ikabadilisha tabia mbele ya macho ya watu, ndani ya muda mfupi kuliko mtoto kumaliza shule ya msingi na sekondari. Sisi tumezoea kusikia mambo ya nyota yanachukua mamilioni ya miaka.

Papa_Kamalondo aliandika:

Bon. Nimesoma yote, na miwani. Lakini sisi bana Katanga, hii nyota inatusaidia nini? Tuko na shaba, tuko na kobalti, nyota haitulipie umeme.

Dada_wa_Ruashi aliandika:

Papa yangu, shaba unayoitaja ndiyo inayonifanya niipende nyota hii.

Ardhi ya Katanga haikuitengeneza shaba. Iliikusanya tu, maji ya moto ya chini ya ardhi yakiisafirisha na kuipanga kwenye mawe kwa mamilioni ya miaka. Atomu zenyewe ni za zamani kuliko Dunia. Nyota nzito kama hiyo kubwa ya Spica, hidrojeni ikimalizika kiinini, inaanza kuchoma heliamu, na katika kazi hiyo zinatoka nyutroni, chembe ndogo za kiini cha atomu. Nyota ilizaliwa ikiwa na chuma kidogo ndani yake, urithi wa nyota zilizotangulia. Chuma kina protoni 26. Kinameza nyutroni mojamoja, polepole, na kila nyutroni ikigeuka protoni, elementi inabadilika. 27 ni kobalti. 28 ni nikeli. 29 ni shaba. Papa, ukitoa nikeli, hiyo ndiyo orodha ya malori yanayopita barabara ya Kasumbalesa.

Kisha nyota inalipuka na kutawanya yote. Jua na Dunia viliumbwa kutokana na gesi iliyokwisha kuchanganyika na majivu ya aina hiyo. Sehemu kubwa ya shaba tunayochimba ilipikwa ndani ya nyota za ukoo huu wa Spica, zilizokufa kabla Jua halijawaka. Spica yenyewe haijafika hatua hiyo, shaba yake bado haijapikwa.

Papa_Kamalondo aliandika:

Mwalimu, hii utaniandikia kwa karatasi. Nataka kuisoma kwa bajukuu.

Himbi_Goma aliandika:

Ngoja kwanza. "Kisha nyota inalipuka"? Sisi volkano moja inatutosha.

Mwana_Katuba aliandika:

Kaka, lala salama. Kubwa ina masi inayozidi mara 8 ya Jua, kwa hiyo mwisho wake ni supanova, yaani huo mlipuko, lakini bado miaka milioni kadhaa. Kabla ya hapo itavimba mpaka gesi yake imwagikie ile ndogo, na kuanzia hapo hesabu za nani mzito nani mwepesi zitavurugika. Hata ikilipuka, miaka ya nuru 250 ni mbali. Kwa madhara ya kweli ingebidi iwe ndani ya makumi machache ya miaka ya nuru. Kwetu itakuwa nyota inayong'aa karibu sawa na mwezi mpevu, kwa wiki kadhaa, utosini mwa yeyote atakayekuwa anaishi latitudo hiyo.

Mwanafunzi_Kampemba aliandika:

Utosini mwa Lubumbashi haitakuwa, yaya. Nimepiga hesabu. Mhimili wa Dunia unayumba taratibu, duru moja ni miaka kama 26,000, kwa hiyo nyota zinabadilisha latitudo zao. Spica inashuka kusini sekunde kama 19 za tao kila mwaka. Miaka ya 1960 ilikuwa inapita juu ya Likasi. Sasa imevuka Likasi inatujia sisi, na itafika juu ya katikati ya Lubumbashi mwisho wa karne hii, kisha itaendelea kuelekea Zambia.

Mwana_Katuba aliandika:

Mdogo wangu, hesabu safi kabisa. Na ujue kuyumba huko kuligunduliwa kwa msaada wa nyota hiihii. Hipparchus, Mgiriki, karne ya pili kabla ya Kristo, alilinganisha mahali pa Spica na vipimo alivyoacha Timocharis kama miaka 150 kabla yake. Akakuta imesogea nyuzi 2 hivi. Badala ya kusema mzee wa kwanza alikosea, alisema mbingu ndizo zimehama. Siku hizo za Timocharis, Spica ilikuwa bado kaskazini kidogo ya ikweta. Kinshasa hawangeipata utosini, wala sisi.

Fundi_Kadutu aliandika:

Swali la mwisho, kisha narudi kazini. Juzi niliona mwezi umeikaribia nyota nyeupe sana, karibu kuigusa. Ni hii? Na kuna darubini nauziwa na jirani, ya kioo cha milimita 70. Ninunue niangalie hizo mbili?

Mwana_Katuba aliandika:

Huenda ndiyo. Spica iko nyuzi 2 tu kutoka njia ya Jua, na mwezi unapita huko kila mwezi. Ni moja kati ya nyota nne angavu ambazo mwezi unaweza kuzifunika kabisa, nyingine zikiwa Aldebaran, Regulus na Antares. Kama hiyo uliyoiona ilikuwa haibadilishi mahali pake kati ya nyota nyingine wiki nzima, ni nyota. Kama ilihama, ni sayari.

Kwa Spica usinunue, fundi. Hata darubini ya mita nzima itakupa nukta. Lakini hiyo ya milimita 70, kama kioo hakina mikwaruzo na stendi haitikisiki, inunue kwa ajili ya Alfa Centauri. Hizo ni mbili pia, na mzunguko wao ni miaka 80 hivi, kwa hiyo zimeachana vya kutosha, zitatenganika mbele yako bila shida. Ukimaliza hapo sogea kwenye Acrux, ile angavu ya Msalaba wa Kusini. Ni ngumu zaidi, tumia lenzi ya jicho yenye namba ndogo ya milimita, ile inayokuza zaidi, na usubiri hewa itulie. Jirani anataka bei gani?

Fundi_Kadutu aliandika:

Anataka dola 60. Stendi inatikisika.

Papa_Kamalondo aliandika:

Mupe 40. Stendi utachomelea mwenyewe, si weye fundi?